Kabati la nyinyoro lisilo na nyinyoro: niliyoyapata nikipanga upya Liliaceae

Ukiingia hebaria kongwe ya Afrika Mashariki, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ukaomba uoneshwe Liliaceae, familia ya nyinyoro, hutafunguliwa droo moja. Utapelekwa kwenye safu ya makabati. Ndani yamo mishubiri iliyobanwa ikawa bapa, asparagasi za porini zenye miiba, masale ya Uchagani, vitunguu pori vya kila namna, na yale maua mekundu yenye kingo za njano yanayotambaa juu ya vichaka vya pwani. Makabati ya namna hiyo nilikabidhiwa niyapange upya, ikiwa ni sehemu ya shahada yangu ya uzamili. Nilipomaliza, chini ya jina Liliaceae palibaki karatasi chache tu, zote za maua yaliyopandwa na watu kwenye bustani za misheni na za nyumba za wakoloni. Mmea wa asili wa huku kwetu haukubaki hata mmoja.

Nayaandika haya kwa ajili ya atakayepewa kazi kama hiyo baada yangu, na kwa yeyote anayependa maua ya tunguu, yale yanayoota kutoka shina nene la chini ya ardhi kama kitunguu, na amechoka kuona kila kitabu kikiupa mmea uleule familia tofauti.

Nianze na hilo la vitabu, maana ndilo lililonila muda kuliko yote. Linnaeus, mwanabotania wa Sweden, mwaka 1753 alipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya ua. Wenye stameni 6 na shingo moja ya pistili akauweka kundi moja, basi. Antoine-Laurent de Jussieu akaja mwaka 1789 akaufanya ukoo wa nyinyoro kuwa familia, na kwa karibu miaka 200 iliyofuata familia hiyo ikawa kama ile droo ya jikoni inayotumbukizwa kila kisicho na pahali pake. Ua lina vipande 6 vya rangi vinavyofanana, stameni 6, ovari imekaa juu ya petali? Tia Liliaceae. Ovari imekaa chini ya petali? Peleka familia jirani, Amaryllidaceae. Waingereza Bentham na Hooker walifuata ukuta huo katika karne ya 19, na hebaria nyingi zetu zilizorithi utaratibu wa Kew, bustani ya mimea ya London, bado zimepangwa hivyo mpaka leo. Mmarekani Arthur Cronquist, mwaka 1981, akaubomoa hata huo ukuta wenyewe: nyinyoro, vitunguu vya kupikia na Crinum (ua la tunguu la huku kwetu) vikawa chumba kimoja, familia yenye takriban spishi 4,000.

Aliyeanza kuipangua kwa hoja zenye uzito ni Rolf Dahlgren wa Copenhagen. Yeye na wenzake wawili, katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya familia za monokotiledoni (mimea ambayo mbegu yake ina jani moja tu), waliacha kulitazama ua kwa mbali, wakachunguza ganda la mbegu, mahali nektari inapotoka na namna mfuko wa chavua unavyopasuka. Wakaona kuna koo mbili zilizovaa nguo moja. Dahlgren alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1987, kabla jeni hazijaanza kusomwa kwa wingi. Kundi la wanabotania wanaojulikana kama APG lilipotoa mpangilio wake wa kwanza mwaka 1998, kwa kutegemea DNA, sehemu kubwa ya mawazo yake ikaonekana ilikuwa sahihi.

Koo hizo mbili ni oda ya Liliales na oda ya Asparagales; oda ni kundi linalobeba familia kadhaa. Katika Liliales kuna nyinyoro halisi (Lilium), tulipu, na lile ua jekundu la vichakani, Gloriosa superba. Katika Asparagales kuna shubiri, vitunguu, asparagasi, masale, Crinum, mkonge wa Tanga na okidi zote. Zilitengana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, enzi za dinosaria. Kwa hiyo kitunguu unachokatia kachumbari kiko karibu zaidi na okidi kuliko na nyinyoro. Yungiyungi wa mabwawani hata usimwingize humu: yeye ni Nymphaea, tawi lililojitenga mapema sana katika historia ya mimea ya maua, kabla hata monokotiledoni hazijawa kundi.

Sasa mtego wenyewe. Kitabu kikubwa cha kutambulia mimea yetu, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutoka mwaka 1952 kikakamilika mwaka 2012, kikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Kilitoka kijitabu kwa kijitabu, kila familia na wakati wake. Kwa mimea ya ukoo huu utakuta majina kama Aloaceae, Anthericaceae, Hyacinthaceae na Dracaenaceae. Yalikuwa sahihi yalipoandikwa. Kisha APG, mwaka 2009, ikaziunganisha tatu kati ya hizo ndani ya Asparagaceae, na mishubiri sasa imo Asphodelaceae. Funguo za kutambulia spishi katika vijitabu hivyo bado ni nzuri kuliko chochote utakachokipata kwenye simu, wala usiziache. Ila jina la familia juu ya jalada liangalie upya. Mimi nilitengeneza jedwali la ukurasa mmoja, jina la zamani kushoto na la sasa kulia, nikalibandika ukutani juu ya meza. Laiti ningelitengeneza kabla ya kugusa kabati la kwanza.

Nyumbani, baba aliuliza mara moja tu kama serikali inaajiri watu wa maua, kisha hakuuliza tena. Hilo nalo lilikuwa na uzito wake.

Kabati pekee halitoshi. Ua la ukoo huu likikauka linakuwa utandu wa kahawia, na kitu unachotaka kukiona, yaani nektari inatoka wapi, kimeshapotea. Lazima uende porini. Na porini mimea ya tunguu haikusubiri. Mingi inachanua wiki chache tu mvua zinapoanza, halafu inarudi chini ya ardhi. Pesa ya ruzuku niliyokuwa nimeahidiwa ilitoka mvua zimekwisha, na safari za mwanzo nililipa kwa mkopo wa dada zangu. Ushauri wangu: nunua karatasi, spiriti, silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na wembe wakati wa kiangazi, pata vibali wakati wa kiangazi, na usipange safari kwa kalenda ya ofisi. Ipange kwa mawingu. Mlolongo wa vibali huanza na barua ya chuo, unapita kwa wenye hifadhi au msitu, unaishia serikali ya kijiji, na kila kituo kina siku zake.

Nilianzia pwani, vichaka vya upande wa Bagamoyo. Gloriosa huwezi kuikosa: tepali (vile vipande vya rangi vya ua) sita zilizogeuzwa nyuma na kujikunja kingo, stameni zimetanuka pande zote, na shingo ya pistili imepinda ubavuni karibu pembe mraba, kana kwamba imevunjika. Ncha za majani ni vikonyo vya kujishikia, ndiyo maana inapanda. Chini kuna kiazi chenye umbo la V. Nilikuwa nakichimba bibi mmoja alipopita na ndoo yake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hicho unakipeleka wapi?”

“Chuoni, tunakisomea.”

“Basi usikitie kapu moja na viazi vikuu. Kikipikwa hicho, nyumba nzima mtalia.”

Alikuwa anasema kweli tupu. Kiazi cha Gloriosa kimejaa kolkisini, sumu inayozuia seli zisigawanyike, na watu wamekufa kwa kukidhania kiazi cha kuliwa. Dawa hiyohiyo, kwa kipimo kidogo sana, hutibu jongo. Vaa glovu, nawa mikono kabla ya kula, na andika SUMU kwa herufi kubwa kwenye mfuko, maana si wewe tu utakayeufungua. Nikiwa kwenye sumu: anayenunua nyinyoro halisi za dukani kwa ajili ya sebuleni, na ana paka, ajue kwamba hata chavua yake tu huua figo za paka.

Gloriosa ndiyo ilinipa mwanga wa kwanza. Nilipofungua ua bichi na kuliangalia kwa lenzi ya mkononi, nektari ilikuwa kwenye kifuko kidogo kwenye kitako cha tepali. Mifuko ya chavua ilipasukia nje, ikiipa pistili kisogo. Mbegu, nilizozipata baadaye, zilikuwa nyekundu na zenye nyama kidogo juu. Hizi ni dalili za Liliales. Nikachukua ua la Crinum lililochanua jioni, jeupe lenye mistari ya waridi, linalonukia nondo wamfuate, nikakata ovari yake mkato wa kulala kwa wembe mpya. Kati ya vyumba vitatu vya ovari kuna nyufa tatu nyembamba, na humo ndimo nektari inamotengenezwa. Hiyo ni Asparagales. Maua yote mawili yana vipande sita na stameni sita. Linnaeus angeyaweka pamoja, na aliyeandika lebo zangu za kabatini alifanya karibu hivyohivyo.

Kwa hiyo kama una dakika tano na ua moja bichi, usianze na rangi wala ukubwa. Kata ovari. Tafuta nektari. Wembe uwe mpya kila siku, ua liwe limefunguka asubuhi hiyo, na uwe na mtu wa kushika mwavuli, kwa sababu tone la mvua kwenye ovari iliyokatwa litakudanganya.

Mbegu ni shahidi wa pili. Asparagales wengi hufunika mbegu zao kwa gamba jeusi la dutu inayoitwa fitomelani, ngumu kama mkaa. Chukua mbegu za kitunguu ukazitazame: nyeusi tii. Kwa Liliales gamba hilo halipo kabisa. Ila shahidi huyu ana mapengo yake. Baadhi ya Asparagales walioanza kuzaa matunda yenye nyama, yanayoliwa na ndege, wamelipoteza gamba hilo. Scadoxus multiflorus, lile ua la mpira mwekundu lenye vijiua hata 200 linalotokea mvua za kwanza, mbegu zake si nyeusi, na masale vilevile. Asparagasi za porini kwa upande wao zina tunda jekundu, lakini ndani mbegu ni nyeusi. Crinum ndiyo ya ajabu: mbegu ni bonge la kijani lenye maji, na zile nilizoziacha juu ya meza ya hebaria zilichipua hapohapo bila tone la maji wala punje ya udongo. Mhudumu wa usafi alizikuta asubuhi akaziweka kwenye kikombe cha chai, bahati yangu.

Halafu kubana. Hapa niseme bila kuficha: mzigo wangu wa kwanza wa pwani uliharibika karibu wote. Tunguu haifi kwa sababu umeibana. Ilikaa ndani ya preshi ya mbao ikiendelea kuishi, ikatoa majani meupe marefu kati ya magazeti, maua yakaoza kwa unyevu wake, na ukungu ukahamia karatasi za jirani. Tunguu na mashina yenye maji lazima uyaue kwanza. Pasua tunguu katikati kwa urefu, itumbukize kwenye maji yanayochemka au spiriti, kisha ndiyo uibane. Jani la shubiri lichanwe upande mmoja na ute wote ukwanguliwe kwa kijiko. Magazeti yabadilishwe kila siku, siku za mvua mara mbili. Ua moja lifunguliwe na kutandazwa peke yake kwenye karatasi ya chooni isiyo na nakshi, jingine liwekwe kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70. Na andika papo hapo, porini, kile ambacho hakitabaki: rangi, harufu, saa ua lilipofunguka, nani alikuja kulinyonya.

Kuna mimea inayokupa ua leo na jani baada ya mwezi. Eriospermum ni hivyo, na Drimia nyingi pia. Ukichukua ua tu, umechukua nusu ya ushahidi, na kabatini zimejaa nusu za namna hiyo zenye majina ya kubahatisha. Funga utepe kwenye mti wa karibu, chukua alama ya GPS, lipa mtoto wa jirani auangalie, urudi. Hiyo gharama ya kurudi ndiyo watu hawaiweki kwenye bajeti.

Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, ilikuwa mwezi wa pili. Unapanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba kuelekea Matamba, gari likiteleza kwenye tope, hadi uwanda wa juu wa zaidi ya mita 2,600 ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni kwa ajili ya maua hasa, jambo la nadra. Kumejaa okidi za ardhini, Kniphofia zilizosimama kama mienge na chozi wakizing’ang’ania, Aloe, na nyasi zilizolowa umande mpaka saa nne asubuhi. Usiku baridi hukata. Nililala na soksi mbili na bado nilisikia mifupa.

Pale ndipo nilipoelewa kwa macho kitu nilichokuwa nimekisoma bila kukimeza. Kniphofia na Aloe zinafanana ua, mrija mwekundu wenye nektari nyingi, na hizo kweli ni ndugu, wote Asphodelaceae. Lakini pembeni yake kuna tunguu za familia nyingine, zenye majani membamba ya mishipa sambamba, maua ya kung’aa yanayoonekana mbali, na vidonge vikavu vinavyopasuka na kumwaga mbegu kwenye upepo. Ndugu wa hao hao, walioko kwenye kivuli cha msitu wa Usambara, ni vitu vingine kabisa: Scadoxus yenye jani pana laini, Dracaena yenye matunda ya rangi ya machungwa yanayoliwa na ndege.

Thomas Patterson na Thomas Givnish walionesha jambo hilohilo mwaka 2002 kwa nyinyoro halisi na jamaa zake wa kaskazini mwa dunia. Walipochora ukoo kwa kutumia DNA, waliona kwamba sifa hizi zinasafiri pamoja kama msafara. Walioingia msituni, kwenye kivuli, walipata majani mapana yenye mishipa ya wavu, maua madogo yasiyojionesha, na matunda yenye nyama, kwa sababu chini ya miti upepo ni mdogo na ndege ndiye mbebaji. Waliotoka kwenda kwenye mwanga, milimani na nyikani, walipata tunguu, majani membamba, maua makubwa na vidonge vikavu. Na hayo yalitokea zaidi ya mara moja, kwa koo zisizohusiana kwa karibu. Jamaa wa karibu kabisa wa kundi la nyinyoro na tulipu ni Clintonia na Medeola, mimea ya sakafu ya misitu yenye tunda la nyama, ambayo asiyejua hataifikiria kamwe.

Tunguu yenyewe, basi, si kitambulisho cha ukoo. Ni jibu la tatizo. Palipo na kiangazi kirefu, baridi kali, moto wa nyika au ng’ombe wengi, mmea unaoficha akiba yake chini ya ardhi unanusurika, na jibu hilo limepatikana tofauti katika Liliaceae, katika Amaryllidaceae na katika Asparagaceae. Nyinyoro za Asia na Ulaya na Crinum zetu zilifika hapo kila moja kwa njia yake. Ndiyo maana wanabotania wa miaka 200, waliokuwa na macho mazuri na akili nzuri, walijaza kabati moja na mimea isiyo ya ukoo mmoja. Walikuwa wakipanga mimea kwa maisha inayoishi, wakidhani wanapanga kwa nasaba.

Nyinyoro halisi, Liliaceae iliyobaki baada ya kupanguliwa, ina jenasi (makundi ya spishi za karibu) zisizofika 20 na spishi zipatazo 700, zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Lilium imejaa Uchina na Himalaya, tulipu ni za milima ya Asia ya Kati, na barani Afrika utazikuta pembezoni mwa kaskazini, Morocco na jirani zake. Hazikuvuka kuja huku. Ukweli huo ulinikera mwanzoni, nakiri, kana kwamba tumenyimwa kitu. Baadaye nikaona wivu ulikuwa haufai. Sisi tuna Gloriosa, tuna ndugu zake wengine wadogowadogo wa familia ya Colchicaceae, na utajiri wa Asparagales usiokuwa na mfano huko kaskazini.

Neno kuhusu DNA, maana kila mwanafunzi siku hizi anadhani ndiyo njia ya mkato. Jeni mbili za kloroplasti, matK na rbcL, zilizokubaliwa mwaka 2009 kuwa alama za kutambulia mimea, zitakupa familia na mara nyingi jenasi. Kwa spishi zilizotengana majuzi, kama za Aloe, mara nyingi hazitoshi. Gharama ya sampuli chache maabara ilimeza kiasi ambacho kingenilipia safari nzima ya pili ya Kitulo. Na ute wa mimea hii huziba kila kitu: chukua jani changa au tepali, katakata nyembamba, zamisha kwenye silika jeli nyingi mara kumi ya uzito wake, badilisha jeli ikigeuka rangi. Usijaribu kusoma jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ya jamaa wa Liliales bila kuuliza kwanza ukubwa wake. Paris japonica, mmea mdogo wa milima ya Japani wa oda hiyo, uligunduliwa mwaka 2010 kuwa na jozi bilioni 149 za besi, karibu mara 50 ya binadamu. Fritillaria nyingi, ambazo ni Liliaceae kabisa, nazo ni majitu.

Sampuli za Aloe zikivuka mpaka zinahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, isipokuwa Aloe vera. Taasisi zilizosajiliwa zina utaratibu wao wa kubadilishana, kwa hiyo pitia hebaria, usibebe kwenye begi la safari.

Kwenye kupanga upya kwenyewe, kanuni ni moja: usibandue lebo ya zamani. Hata ikiwa imekosea wazi, hata ikiwa imeandikwa Haemanthus na wewe unajua Friis na Nordal waliirudisha Scadoxus mwaka 1976. Bandika kikaratasi chako pembeni, jina jipya, jina lako, mwaka, kwa wino usiofutika. Nilikuta karatasi ambazo mtu mwenye bidii alikuwa amezisafisha hivyo, jina la mkusanyaji na mahali vikaenda na lebo, na sasa ni majani tu. Na kila unachokusanya, bana nakala. Wajerumani walianzisha taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na mimea mingi ya Tanganyika iliyoelezwa kwa mara ya kwanza enzi hizo vielelezo vyake vya asili, vile ambavyo jina la spishi huegemea, vilihifadhiwa Berlin. Usiku mmoja wa Machi 1943 hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua. Kwa spishi nyingi, kilichotuokoa ni nakala zilizokuwa zimeshatumwa kwingine. Peleka moja Nairobi, moja Kew ikiwezekana, na moja ibaki nyumbani.

Sikumaliza yote. Chlorophytum, yale maua madogo meupe yanayofunguka siku moja na kufa, yamebaki rafu tatu bila majina ya kuaminika. Ili uzitambue unahitaji mbegu zilizoiva, kwa sababu za Chlorophytum huwa nyembamba na bapa, na za jirani yake Anthericum zina pembe, na waliokusanya zamani karibu wote walichuma zikiwa kwenye maua. Anayetaka kazi hiyo aende mwisho wa masika, vidonge vikianza kukauka lakini havijapasuka, na kabla ya vile vya juu kupasuka afunge shina lote kwa kipande cha chandarua.